UZURI WA MKAKASI: TATHMINI YA KADI YA PICHA YENYE MAPAMBO YA KATUNI ZA KIJAPANI

Na mwanachama wa Kidato cha Nne, Kitale

Katika matoleo yaliyotangulia tumesoma makala kuhusu methali, ngeli, na hata ufugaji wa nyuki. Mara hii nimeonelea tuingie katika uwanja ambao vijana wengi hupenda kuutaja kwa Kiingereza tu, kana kwamba Kiswahili kimefungiwa mlango. Uwanja huo ni wa kompyuta za kuchezea gemu, na hasa kile kifaa kinachoitwa kadi ya picha.

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Je, methali hii yaweza kutumiwa kwa kadi iliyochorwa msichana wa katuni mwenye nywele za waridi? Swali hili si la mzaha. Mjomba wangu, ambaye sisi Wabukusu humwita khocha, ana kibanda cha gemu mjini Bungoma. Mwaka jana alikopa Sh. 50,000 kutoka kwa chama chao ili aiongezee kompyuta yake nguvu. Mkopo wa chama hauna huruma, jamani. Usipolipa, unauza ng'ombe. Basi akaniambia, "Mwiwa, wewe unasoma. Niandikie hesabu kabla sijatoa pesa." Makala haya yametokana na hesabu hiyo.

1. KADI YA PICHA NI NINI?

Kila kitu unachokiona kwenye skrini kimeundwa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Skrini ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Hebu zidisha. Utapata pikseli 2,073,600. Sasa, ili mchezo uonekane ukienda bila kukwamakwama, picha nzima hubadilishwa takriban mara 60 kwa sekunde. Kwa hivyo kompyuta yapaswa kuamua rangi ya nukta 124,416,000 kila sekunde moja. Kazi hiyo ni kubwa mno.

Kichakataji kikuu cha kompyuta ni kama mwalimu mkuu: hodari, hujua kila kitu, lakini yuko mmoja. Kadi ya picha ni kama shule nzima iliyoamrishwa kufagia uwanja. Kila mwanafunzi anapewa kipande chake kidogo, wote wanafagia kwa pamoja, na kazi inakwisha upesi. "Wanafunzi" hao ndani ya kadi huitwa viini. Kadi iitwayo RTX 3060 ya kampuni ya Nvidia, iliyotoka mwaka wa 2021, ina viini 3,584. Kadi ya RTX 4090, iliyotoka mwaka wa 2022, ina viini 16,384.

Nvidia ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka wa 1993. Mwaka wa 1999 ilitoa kadi ya GeForce 256. Mshindani wake mkubwa ni AMD, ambayo iliinunua kampuni ya ATI mwaka wa 2006.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Nvidia na AMD husanifu kile kijiwe cha ndani, lakini kadi nyingi tunazoziona madukani huundwa na makampuni mengine kama ASUS, MSI, Zotac na Yeston. Makampuni haya hukipokea kijiwe, yakakiweka kwenye ubao, yakaongeza bamba la kupoza na feni, kisha yakafunika kwa ganda. Ganda ndilo linalopambwa. Yaani makampuni matano yaweza kuuza kijiwe kile kile katika nguo tano tofauti. Ni kama mitungi mitano iliyotekwa maji kutoka kisima kimoja.

2. KATUNI ZILIFIKAJE KWENYE KADI?

Katuni za Kijapani huitwa anime. Zilianza kupata umaarufu mkubwa katika televisheni ya Japani mwaka wa 1963 kwa mfululizo wa Astro Boy wa msanii Osamu Tezuka. Huku kwetu, vijana wengi walizifahamu kupitia vibanda vya filamu, ambako unapeleka flashi yako na kujaziwa Naruto au Dragon Ball kwa shilingi chache.

Wachezaji wa gemu na watazamaji wa anime aghalabu ni watu wale wale. Wafanyabiashara wakaona hapo pana soko. Mwaka wa 2023 ASUS ilitoa kadi ya RTX 4090 ya rangi nyekundu iliyopewa jina EVA-02, kwa heshima ya jitu la vita katika mfululizo wa Neon Genesis Evangelion ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1995. Kampuni ya Yeston ya China nayo inajulikana kwa kadi zake za rangi za waridi na samawati zenye wasichana wa katuni.

Sasa sikiliza kichekesho. Katuni hizo huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde, na mara nyingi wachoraji huchora michoro 8 tu, kila mmoja ukarudiwa mara tatu. Kompyuta kuukuu ya ofisini yaweza kuonyesha anime usiku kucha bila kadi yoyote ya ziada! Kwa hivyo anayenunua kadi yenye mapambo ya anime ili atazame anime ni kama aliyenunua trekta ili aende kanisani.

3. KADI NILIYOITAZAMA

Khocha alikuwa amepata kadi mbili, zote mitumba, zote RTX 3060 zenye kumbukumbu ya gigabaiti 12. Ya kwanza ilikuwa kwa fundi mmoja hapa Kitale. Ganda lake ni jeupe, lina feni tatu za waridi na taa zinazobadilika rangi, na mgongoni amechorwa msichana wa katuni mwenye macho makubwa kama ya swara. Bei yake ilikuwa Sh. 47,000. Ya pili ilikuwa Bungoma. Ni nyeusi tititi, ina feni mbili, haina taa wala picha. Bei yake ilikuwa Sh. 38,000.

Tofauti ni Sh. 9,000. Kibandani kwa Khocha mchezo mmoja ni Sh. 20. Ili kulipia mapambo pekee, vijana wangehitaji kucheza michezo 450, tena kabla ya kulipa stima na kodi.

Kukhu wangu alipoiona ile nyeupe aliuliza, "Na huyu msichana anakula nini?" Khocha akamjibu, "Stima, mama." Kukhu akatikisa kichwa na kusema, "Basi mwambieni nyumba hii haina stima ya wageni." Sote tulicheka, lakini swali lile lilikuwa la kitaalamu kuliko alivyodhani, kama tutakavyoona.

4. MAJARIBIO

Fundi wa Kitale alikubali twende na kadi yake hadi Bungoma, mradi naye awepo. Tulipanda matatu, tukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, kadi imepakatwa kama mtoto mchanga. Kibandani tulizijaribu kadi zote mbili katika kompyuta moja, skrini moja na mchezo mmoja. Tulichagua GTA V kwa sababu una jaribio lake la ndani: mandhari yale yale hupita kila mara, nao mchezo wenyewe huhesabu fremu. Tulilirudia jaribio mara tatu kwa kila kadi.

Matokeo yalikuwa haya:

(a) Kasi. Hatukuona tofauti ya maana. Tofauti kati ya kadi mbili ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya jaribio la kwanza na la tatu la kadi ile ile moja. Hilo halishangazi, kwani kijiwe ni kimoja. Baadhi ya kadi za mapambo huongezwa kasi kidogo kiwandani, lakini nyongeza hiyo ni ndogo mno kwa jicho la mchezaji. Isitoshe, skrini ya Khocha hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Hata kadi ikitoa fremu 120, skrini itaonyesha 60 tu.

(b) Kelele. Ile ya feni tatu ilikuwa na sauti ya chini. Nyeusi ilivuma zaidi. Hapa nyeupe ilishinda kwa haki. Lakini sifa hiyo ni ya feni na bamba la kupoza. Msichana hana mchango wowote.

(c) Kuonekana. Kompyuta ya Khocha ni ya kampuni ya kuunganisha, imefungwa bati pande zote. Tulipoifunika, msichana akatoweka! Ili aonekane, angepaswa kununua kasha lenye upande wa kioo. Tena kadi ikipachikwa, kwa kawaida feni huangalia chini na mgongo huangalia juu. Mteja aliyeketi kitini haoni ile picha hata kukiwa na kioo, labda asimame na kuinama.

5. STIMA, JOTO NA VUMBI

Turudi kwa swali la Kukhu. Kadi ya RTX 3060 hula hadi wati 170. Tukikadiria kwamba sehemu nyingine za kompyuta pamoja na skrini zinakula wati 130, jumla ni wati 300. Kibanda kikifanya kazi saa 5 kwa siku, hiyo ni uniti 1.5. Tukichukulia uniti moja ni Sh. 28, gharama ni Sh. 42 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh. 1,092 kwa mwezi.

Kwa kipimo hicho hicho, kadi ya RTX 4060 ya mwaka wa 2023, inayokula wati 115, ingegharimu takriban Sh. 892 kwa mwezi. GTX 1650 ya mwaka wa 2019, yenye wati 75, ingegharimu takriban Sh. 746. Na ile RTX 4090 yenye wati 450 ingefikia takriban Sh. 2,111. Kadi hiyo ilipotoka bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,599. Tukihesabu dola kwa Sh. 129, hiyo ni zaidi ya Sh. 206,000, kabla ya ushuru na usafiri. Gunia la mahindi la kilo 90 likiuzwa kwa Sh. 3,500, kadi moja ni karibu magunia 59. Na toleo la mapambo huuzwa kwa zaidi ya hapo. Mkulima wa Kitale, tafadhali keti chini kabla ya kusoma sentensi hiyo mara ya pili.

Jambo jingine ni pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachogawa stima ndani ya kompyuta. Tundu linalopachikwa kadi hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi lazima iunganishwe kwa waya wake maalumu kutoka pawasaplai. Kompyuta nyingi za mitumba zilizotoka ofisini, zile tunazoziita eksi-yukei, zina pawasaplai ndogo isiyo na waya huo. Kwa mashine kama hizo, GTX 1650 ya wati 75 isiyohitaji waya wa ziada ndiyo inayofaa. Kwa RTX 3060, Nvidia inapendekeza pawasaplai ya wati 550. Ya Khocha haikufika kiasi hicho. Tuliyoitumia katika jaribio iliazimwa kutoka kwa fundi.

Vumbi nalo lisisahaulike. Msimu wa kupura mahindi ukifika, Kitale huwa na vumbi la makapi. Bungoma ina vumbi la barabara na joto zaidi, maana iko chini kuliko Kitale. Vumbi likijaa kwenye bamba la kupoza, kijiwe hupata joto, na kikipata joto hujipunguzia kasi ili kisiungue. Ganda lenye pembe nyingi na urembo mwingi huficha vumbi zaidi na huwa na kazi kulifungua. Brashi laini na dakika kumi kila mwezi zina faida kuliko taa za rangi saba.

6. TAHADHARI KWA MNUNUZI WA MITUMBA

Kwanza, jina moja laweza kubeba vitu viwili. RTX 3060 iko ya gigabaiti 12 na iko ya gigabaiti 8. Ya 8 si pungufu kwa kumbukumbu tu, bali pia njia yake ya kupitishia data ni nyembamba, kwa hivyo ni nzito zaidi mchezoni. Uliza kabla ya kulipa.

Pili, mwaka wa 2021 kadi zilikuwa adimu duniani kwa sababu watu walizitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Mnamo Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha uchimbaji wa aina hiyo, na kadi nyingi zilizochoka zikamwagwa sokoni. Kadi ya namna hiyo yaweza kuwa nzima, lakini feni zake zimezunguka usiku na mchana. Zisikilize kwa makini.

Tatu, wako walaghai wanaoandika jina jipya kwenye kadi ya zamani. Iko programu ya bure iitwayo GPU-Z inayosoma kijiwe chenyewe na yenye uwezo wa kutambua kadi nyingi za bandia. Muuzaji akikataa uipime, mwage. Na picha ya katuni isikupumbaze. Stika hubandikwa hata juu ya kitu kibovu.

7. UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Mwenye haki husikiliza pande zote mbili. Nilipomsomea Khocha hesabu yangu, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwiwa, hesabu yako ni sawa. Lakini vijana hawanunui hesabu. Wananunua macho."

Sikumbishia, maana ana hoja. Tazama matatu zetu. Injini ya matatu iliyochorwa wanamuziki na kuwekwa taa si bora kuliko ya ile nyeupe isiyo na kitu, na bado vijana wataiacha ile nyeupe iondoke nusu tupu. Leso nazo: kitambaa ni kile kile, lakini mama atazunguka soko zima akitafuta yenye jina linalomfurahisha. Pambo lina thamani yake. Huwafurahisha watu, na furaha huuzwa. Asiyekubali hilo hajawahi kufanya biashara.

Lakini pambo la matatu liko nje, barabarani, ambako abiria huliona. Pambo la kadi liko ndani ya bati. Hapo ndipo hoja ya Khocha ilipopungukiwa na nguvu, naye mwenyewe akakubali.

8. HUKUMU

Tuliweka mizani hivi. Akinunua kadi nyeupe kwa Sh. 47,000, atabakiwa na Sh. 3,000, ambazo hazitoshi kununua pawasaplai. Atakuwa na kadi nzuri asiyoweza kuiwasha kwa usalama. Akinunua nyeusi kwa Sh. 38,000, atabakiwa na Sh. 12,000. Pawasaplai aliyotajiwa ni Sh. 6,500, na kifaa cha kuilinda mashine stima ikiyumba ni Sh. 5,000. Jumla yote ni Sh. 49,500, na zinabaki Sh. 500 za brashi na nauli.

Khocha alinunua nyeusi. Fundi wa Kitale hakuudhika. Alilipwa nauli na chakula, na baada ya muda akaiuza nyeupe kwa mtu mwingine mwenye kasha la kioo, ambaye kwa hakika inamfaa.

Na yale macho ya vijana je? Khocha alimwita kijana anayeandika mabango mjini Bungoma. Hakumlipa pesa taslimu. Walikubaliana malipo yawe saa za kucheza. Kijana akachora ukutani, kwa mtindo wa anime kabisa, msichana shujaa aliyesimama juu ya kilima cha Chetambe, pale ambapo Wabukusu walipambana na Waingereza mwaka wa 1895. Nywele zake zinapeperuka, macho yake makubwa yanaitazama Webuye. Kila anayepita barabarani anamwona. Watoto wengine waliuliza Chetambe ni hadithi gani, na Kukhu, aliyeletewa kiti nje, akawasimulia.

Kwa hivyo tathmini yangu ni hii. Kadi ya mapambo si mbaya. Ukiwa na kasha la kioo, pawasaplai ya kutosha na pesa zisizo na mwenyewe, inunue ufurahi. Lakini kama pesa ni za mkopo, anza na kijiwe, kisha pawasaplai, kisha ulinzi wa stima. Pambo lije mwisho, tena liwekwe mahali linapoonekana.

MSAMIATI

Bamba la kupoza – chuma chenye mapezi kinachoondoa joto kwenye kijiwe.
Fremu – picha moja nzima kati ya nyingi zinazofuatana kwenye skrini.
Kadi ya picha – kifaa cha kompyuta kinachokokotoa picha.
Kijiwe – kipande kidogo chenye mitambo midogo sana ya umeme ndani yake.
Pikseli – nukta moja ya rangi kwenye skrini.
Viini – sehemu ndogo za kijiwe zinazofanya kazi kwa pamoja.

MASWALI

1. Eleza kwa nini kadi mbili zenye kijiwe kimoja zinaweza kutofautiana kwa bei na kelele lakini zisitofautiane kwa kasi.
2. Kompyuta inakula wati 245 kwa saa 5 kila siku. Ikiwa uniti ni Sh. 28, gharama ya siku 26 ni kiasi gani?
3. "Vijana hawanunui hesabu. Wananunua macho." Jadili kauli hii ukitumia mifano miwili kutoka mtaani kwenu.
4. Taja methali mbili zinazopinga "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", kisha uonyeshe ni lini pambo lina faida.
5. Neno "kijiwe" limetumiwa hapa kwa maana isiyo ya kawaida. Pendekeza neno lako na ulitetee mbele ya darasa.

Majibu yaletwe kwa katibu wa Chama cha Kiswahili. Jibu bora la swali la tano litachapishwa katika toleo lijalo. Hadi hapo, wasalaam.